Dripu za Jumatatu

Nikisikia neno stresi natamani kuziba masikio. Kila kijana aliyeajiriwa juzi ana stresi. Kachelewa kazini, stresi. Kamjibu mgonjwa ovyo, stresi. Kaamka Jumatatu macho mekundu, mdomo unanuka pipa, ni stresi ile ile, na dawa yake eti ni kwenda kurukaruka ukumbini kwenye giza na mataa mpaka miguu ife ganzi. Mimi nimefanya kazi ya maabara miaka thelathini na mmoja na sijawahi kuhitaji spika za kunipasua ngoma za masikio ndipo nipime damu ya mtu.

Huyu ninayemsimulia tulimwita Profesa. Jina alilipata wiki ya kwanza, alipomsahihisha daktari bingwa kwenye simu, tena kwa adabu, na bingwa mwenyewe akashukuru. Alikuwa wa kwanza darasani kwao chuoni. Kijana mrefu, shati limenyooka, na viatu vilivyochongoka mbele kiasi kwamba vilifika mlangoni kabla yake. Tulimweka kwenye meza ya kemia, penye mashine kubwa kuliko zote hospitalini, akapewa mwaka mmoja wa majaribio. Mwaka ukiisha, mimi msimamizi wake nilitakiwa kujaza fomu ya kurasa mbili: ama athibitishwe kazini, ama afunge virago. Haya ninayoyasema yalitokea akiwa amebakiza wiki tano tu.

Kazi aliijua, siwezi kumnyima haki yake. Akiinua kichupa cha damu kwenye mwanga wa dirisha alikwambia, kabla ya mashine, kwamba damu hii imevutwa kwa sindano nyembamba mno, au imekaa juani. Ndiyo maana alinikera zaidi. Mjinga akilewa unamwonea huruma, lakini mwenye akili zake akilewa unatamani kumzaba kibao.

Siku moja ya katikati ya juma hakuja kazini na simu hapokei. Nikaomba gari la hospitali, nikaenda kwake saa nne asubuhi, maana nilitaka nimwone kwa macho yangu. Chumba kimoja. Spika mbili zinazonifika kiunoni, zimesimama kila upande wa kitanda. Ukutani mashati matano yamenyooshwa na kutundikwa kwa kufuatana, kila siku na lake. Friji nililifungua mwenyewe, sikuomba ruhusa, nikakuta chupa ya maji na nusu limau lililokauka. Kitabu kinene cha kemia ya mwili, kile ambacho sisi enzi zetu tulikigombea maktabani, kilikuwa chini ya mguu wa kitanda ulio mfupi. Bwana mkubwa alisimama katikati ya chumba amevaa kiatu kimoja, akaniambia shikamoo mara mbili.

Nilimpa za uso. Nilimwambia yote ambayo mama yake angemwambia, na mengine ambayo mama yake asingethubutu. Alisikiliza kwa heshima. Akasema amechoka, Bi Mkubwa, kichwa kimejaa, asipokwenda kucheza muziki mwisho wa juma anahisi atapasuka. Nikamuuliza kimejaa nini hicho kichwa, hana mke, hana mtoto, hana hata paka. Akaanza kutafuta kiatu cha pili.

Alikuwa na wenzake wawili katika upuuzi huo, sista wa wodi ya wanaume na fundi wa eksirei. Mashine yetu jioni huwa tunaisafisha mfumo, yaani tunapitisha maji ya dawa kwenye mirija yake yote. Basi wao kwenda kulewa wakakuita kusafisha mfumo. Ijumaa mchana utawasikia kwenye korido: leo tunasafisha mfumo? Tunasafisha. Na mtu akiamka hajiwezi wanasema sampuli imeganda. Wanacheka mpaka wanashika ukuta. Jumatatu wakati wa chai ndipo hadithi zinapoanza, nani alipanda juu ya meza, nani alilia chooni, nani alipoteza simu. Mimi nazisikia kutoka ofisini, mlango uko wazi. Hadithi ni ile ile kila wiki, wanabadilisha tu aliyeanguka.

Sasa walevi wa mitaani hujitibu kwa supu au kwa kulala. Hawa wangu ni wasomi, wana utaalamu. Jumatatu saa moja kasorobo asubuhi sista alikuwa anapita maabara kabla ya zamu yake, na chupa ya dripu ndani ya mkoba. Profesa anajilaza kwenye kitanda cha kutolea damu, nyuma ya pazia, sista anamchoma sindano mgongoni mwa mkono, anatundika chupa kwenye msumari wa kalenda, anaondoka zake. Dakika arobaini. Maji ya chumvi na sukari yakishaingia, kijana anainuka, ananawa uso, anavaa koti jeupe, na ukimwona hapo utadhani alilala saa mbili usiku baada ya sala.

Nilijua. Plasta mgongoni mwa mkono wa kushoto, kila Jumatatu, mtu mzima utanidanganya nini? Lakini kazi ilikuwa inakwenda, majibu yanatoka kwa wakati, madaktari hawalalamiki, nami nikajitia hamnazo. Nilibaki kumdharau tu kimya kimya. Nikipita karibu na meza yake nilikuwa navuta hewa kwa nguvu puani ili ajue kwamba nainusa pombe yake. Alijua, na hakuwahi kukasirika, jambo ambalo nalo lilinikera.

Nieleze kidogo kazi yetu. Kila asubuhi, kabla damu ya mgonjwa yeyote haijaingia kwenye mashine, tunaingiza vichupa viwili tunavyoviita kontroli. Majibu yake tunayajua tayari, yameandikwa na kiwanda. Mashine ikileta majibu yanayokaribiana na hayo, iaminiwe. Ikileta mengine, inadanganya, na hapo unaisimamisha mpaka ujue inaumwa nini. Mpimaji anaandika tarakimu kwa mkono kwenye daftari kubwa jeusi, msimamizi anazikagua, anatia sahihi, ndipo kazi inaanza. Shughuli yote inachukua kama dakika arobaini. Na mashine hata iwe nzima vipi, tarakimu za leo hupishana na za jana kidogo, huku moja imezidi, kule moja imepungua. Zikilingana zote, siku mbili, ujue kuna mkono wa mtu.

Basi ilikuwa Jumatatu, na kila Jumatatu mimi huwa kwenye kikao cha wakuu wa idara mpaka saa nne. Nilipotoka nikamkuta daktari kijana wa wodi ya wanawake amesimama mlangoni kwangu na karatasi mbili. Moja ilikuwa jibu letu la asubuhi ile, la mama mmoja mshona nguo mwenye figo mbovu, ambaye sote tulimfahamu kwa sababu alipimwa kila wiki. Ya pili ilikuwa mchoro wa moyo wake. Jibu letu lilisema potasiamu ni tano nukta mbili, imepanda kidogo, si ya kutisha. Hiyo ni chumvi ya kwenye damu, na ikizidi sana moyo unasimama wenyewe, bila hata kupiga hodi. Daktari akaniambia mchoro haukubaliani na jibu. Mama keshapewa ruhusa, kavaa viatu, kakaa kwenye benchi anamsubiri binti yake, lakini yeye roho yake imekataa kumwachia. Akaomba turudie.

Nilikwenda kumtoa damu mimi mwenyewe, palepale kwenye benchi. Aliniambia mikono yangu ina baridi. Sikuipeleka damu kwenye mashine kubwa, nilikimbia nayo kwenye kile kimashine kidogo cha chumba cha wagonjwa mahututi, nikasimama nasubiri. Saba nukta moja. Nilimpigia daktari kelele kwa simu amrudishe kitandani, hata viatu asimvue, aanze dawa. Alimrudisha. Nitangulize kusema, usije ukahangaika: yule mama alipona, bado anashona mpaka leo. Lakini angepanda gari na binti yake asubuhi ile, sidhani kama angefika kwao.

Nikarudi maabara, nikaingiza kontroli kwenye mashine kubwa. Kipimio cha potasiamu kilikuwa kimekufa, kinasoma chini karibu kwa mbili nzima. Wagonjwa thelathini na wanne walikuwa wameshapimwa asubuhi ile. Nilisimamisha mashine, tukakaa na simu, wodi moja baada ya nyingine, lirudisheni jibu, msilitumie, tunarudia. Profesa alikuwa kwenye simu ya pili. Sauti yake ilikuwa imekauka lakini hakukosea jina hata moja.

Tulipomaliza nikafungua daftari jeusi. Tarakimu za asubuhi ile zilikuwa nzuri mno. Nikafunua nyuma Jumatatu iliyotangulia. Zile zile. Nikafunua nyingine. Jumatatu tano, tarakimu zile zile mpaka ya mwisho, zimenakiliwa kwa mwandiko mzuri ulionyooka.

Na pembeni ya kila mstari, kwenye nafasi ya msimamizi, palikuwa na sahihi yangu.

Hapo ndipo naomba usinikatize. Jumatatu niko kikaoni, nimeshasema. Nikisubiriwa nitoke ndipo nikague, damu ya kwanza itaingia saa nne, na watu waliopanga foleni dirishani watatupiga mawe. Kwa hiyo Ijumaa jioni, kabla sijafunga ofisi, nilikuwa natia sahihi ya Jumatatu mapema kabisa, kwenye mstari mtupu. Nimefanya hivyo miaka tisa. Aliyenifundisha naye alikuwa akifanya hivyo. Jumanne nilikuwa nakusudia kurudi kuangalia kilichojazwa, na Jumanne ina mambo yake.

Nilimvuta Profesa stoo, katikati ya maboksi ya dawa za mashine, nikafunga mlango. Nilimwambia kuhusu saba nukta moja. Aligeuka akatapika kwenye ndoo ya kudekia. Nikamuuliza mara ngapi.

"Jumatatu zote tano," akasema. "Dripu inakuwa haijaisha, watu wameshajaa dirishani. Nikasema nitafanya baadaye."

Nilimtukana. Sikumbuki yote na mengine sitayarudia. Nilimwita mlevi, muuaji, aibu ya chuo kilichomsomesha. Nilimwambia mwanamke mshona nguo alikuwa amevaa viatu vyake anakwenda kufa, kwa sababu ya vijana watatu wasioweza kukaa nyumbani Jumapili. Alisimama ananisikiliza, mkono mmoja umefunika plasta. Mle ndani, katikati ya maneno yangu mwenyewe, nikakumbuka kwamba mwezi wake wa pili kazini alikuja kuniomba nimpe msaidizi Jumatatu, maana peke yake hawezi dirisha, simu na mashine kwa pamoja. Nikamwambia enzi zetu tulikuwa wawili hospitali nzima na hatukulia. Lakini hilo sikulitaja. Nilizidisha tu sauti.

Habari haikuweza kufichwa, thelathini na wanne si mmoja. Kamati ikaitishwa Jumatano saa nne asubuhi. Jumanne nilikwenda kwa afisa utumishi kuuliza mambo yanavyokwenda, nikijifanya nauliza kwa ajili ya kijana. Akanieleza kinagaubaga. Mpimaji aliye kwenye majaribio akinakili kontroli, na akakiri, atapewa onyo kali na mwaka wa majaribio utaanza upya. Ni aibu, lakini kazi anabaki nayo. Msimamizi aliyetia sahihi mstari mtupu ni habari nyingine. Huyo ndiye mlango wa mwisho. Huyo anaondoka siku hiyo hiyo, anapoteza cheo na mafao ya miaka yake yote. Mimi nilikuwa nimebakiza mitatu kustaafu. Nikamshukuru afisa, nikatoka.

Sitasema nilipanga lolote, sikupanga. Nilikwenda Jumatano nikiwa nimevaa gauni la kijivu la vikao, nikitegemea sijui nini. Chumba kilikuwa na meza ndefu, feni inayopiga kelele, na jagi la maji ambalo hakuna aliyeligusa. Upande ule mganga mkuu wa hospitali, afisa utumishi, na mkaguzi wa maabara kutoka wizarani, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba. Upande huu mimi na Profesa, kiti kimoja tupu katikati yetu. Alikuwa amenyoa, shati jeupe, hakunuka chochote. Walimuuliza, akajibu yote bila kuzunguka. Dripu, ndiyo. Tarakimu, ndiyo, alizinakili. Sista hakumtaja, akasema alijichoma mwenyewe. Nikawaza, ovyo, hata hapa wanafichiana.

Kisha mkaguzi akaligeuza daftari likatuelekea, akaweka kidole kwenye nafasi ya msimamizi. Akasema Jumatatu hizi zote, kwa muhtasari wa vikao alio nao, msimamizi alikuwa kikaoni saa moja na nusu mpaka saa nne, na kazi ilianza saa mbili. Akanitazama mimi, akauliza sahihi hizi zilifikaje hapa.

Nilifungua mdomo. Nasema kweli, nilikuwa nimeufungua.

"Nilizighushi mimi," Profesa akasema. "Bi Mkubwa hakuwahi kuziona hizo kurasa."

Feni iliendelea kupiga kelele. Mganga mkuu akamwambia afikirie vizuri anachokisema, maana kunakili ni utovu, lakini kughushi sahihi ni kosa la usajili, jina lake litafutwa kwenye orodha ya taaluma na hataruhusiwa kushika kichupa cha damu popote nchini. Profesa akasema ameelewa. Mkaguzi akavua miwani, akanigeukia. Alikuwa mtu wa haki, yule mwanamke. Alinipa nafasi, akasubiri kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Una la kuongeza?"

"Sina," nikasema.

Nilimfuata Profesa koridoni. Nilikuwa nimekasirika, usiniulize kwa nini, nilitaka hata kumpiga. Nilimuuliza nani kamtuma. Akasema hakuna aliyemtuma. Akasema mimi nimebakiza mitatu na yeye bado ana nguvu, atapata kitu cha kufanya. Kwao walevi ndivyo wanavyofanya, mmoja akianguka mwenzake anambeba mpaka mlangoni, hawaulizani. Labda aliniona na mimi nimeanguka. Nilisimama pale na gauni langu la vikao, na ile dharau niliyoizoea, iliyonitoka kirahisi miezi kumi na moja, nikaitafuta ili nimjibu nayo nisiipate. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Akaniaga kwa shikamoo, moja tu safari hii, akaenda kuchukua vitu vyake.

Fomu yake niliijaza alasiri ile ile, maana sheria inataka ijazwe hata kwa anayeondoka. Kwenye swali la uaminifu kuna mistari mitatu. Niliandika kwamba hafai kuaminiwa, nikatia sahihi.

Mwaka wa pili huu. Nasikia anauza tiketi kwenye kituo cha mabasi, na sista anasema ameacha pombe, au amepunguza, sijui, sikumuuliza zaidi. Jumatatu sasa nimeweka wapimaji wawili kwenye meza ya kemia, na kikaoni naingia nimechelewa, baada ya kukagua. Wananisifu kwamba niko makini. Hawa wapya hawakumkuta, wanamsikia tu, na wakati wa chai huwa hakosi mmoja wa kuniuliza yule Profesa alikuwa mtu wa namna gani. Nawaambia alikuwa mlevi. Wanatikisa vichwa, wanamaliza chai, tunarudi kazini.